Komeo la Chumba cha Mama

Kaka,

Mama hajambo, jino lake bovu limeng'olewa. Paka wako amezalia juu ya koti lako, tumemwachia.

Fomu ya kukuombea umalizie kifungo nje nimeizungusha mwenyewe. Majirani kumi na wawili wametia sahihi ufagie zahanati badala ya kukaa gerezani. Hata fundi uliyemwibia cherehani alisema, "Mleteni mwizi wangu! Afagie huku namwona." Tulicheka sana.

Imebaki sahihi moja, ya nyumba itakayokupokea. Afisa anaitaka kesho saa nne.

Mimi ninayesimama mikutanoni kusema gereza halimtengenezi mtu, nimekaa na kalamu siku tatu. Hakimu alisikia habari za cherehani tu. Hakusikia kwamba Mama alipokukataza kuiingiza ndani, ulimsukuma ukutani ukamvunja mkono. Mama alimwambia daktari ameteleza, nami nikanyamaza. Najua askari watasoma barua hii kabla yako. Wasome.

Leo asubuhi nilimwuliza, "Mama, Kaka aje?"

Aliendelea kuchambua mchele. "Ni mwanangu, aje. Ila niwekee komeo mlangoni kwangu. Kwa ndani."

Seremala ameondoka sasa hivi. Mama amejifungia, akafungua, akajifungia tena. Nimemsubiri hadi akatoka, ndipo nikatia sahihi.

Ukija utaliona. Usimwulize Mama ni la nini.

Nakungoja,
Mdogo wako