Nilipokatisha Sifa Mdomoni mwa Duara

Jumatatu jioni. Mvua haijakoma tangu jana, na humu ndani hakuna anayezungumza nami.

Huku machimboni Geita, duara, yaani shimo la dhahabu, lililosimama kwa sababu ya mvua halifunguliwi hivi hivi. Mara ya mwisho mwenye duara alimleta mganga na kondoo mweusi. Safari hii akaita kwaya yetu. Mshika mbili moja humponyoka, lakini yeye anasema dhahabu haijulikani ni ya nani, bora ubishe kila mlango.

Mimi ndiye kiongozi wa kwaya. Mume wangu, Baba Neema, ndiye aliyepangiwa kushuka wa kwanza.

Nilichagua zaburi ya sifa, mojawapo ya zile zinazohesabu milima, maji na vina vya ardhi na kusema vyote vina mwenyewe, Mungu aliyeviumba. Naipenda mno. Nikiiimba najiona mdogo, na udogo ule unanipumzisha.

Wanawake hatusogelei mdomo wa duara, ni mwiko, kwa hiyo tuliimba nyuma ya kamba. Hata hivyo niliyaona matimba, yale magogo yanayozuia kuta zisiporomoke. Yamelowa, na moja limepinda. Udongo ulikuwa ukimeguka vipande vipande. Nikawatazama wanaume. Hakuna aliyekuwa akikagua kitu. Walikuwa wamefumba macho, wanasubiri tumalize ili washuke.

Kumbe wimbo wangu ndio ukaguzi.

Nikanyamaza katikati ya ubeti, na kwaya nzima ikanyamaza nyuma yangu. Nikasema, "Baba Neema, hushuki. Matimba hayajakaguliwa." Nikavuka kamba, nikamvuta mkono hadi barabarani. Alinifuata kwa mshangao tu, si kwa kukubali.

Nimevunja mwiko, nimekatisha sifa za Mungu, na nimemwaibisha mwanamume mbele ya wenzake.

"Bhebhe, wewe huna imani," aliniambia njiani. "Unaimba kwamba ardhi ni yake, halafu unaiogopa?"

 Jibu limenijia baadaye nikiosha vyombo. Kama ardhi ni yake, basi mimi si wa kuiamuru isianguke eti kwa sababu nimeimba vizuri. Lakini kwenda kumwambia hayo sasa hivi, thubutu.

Nafasi yake amepewa Masanja, jirani yetu, mume wa Mama Kulwa anayeimba sauti ya pili. Walishuka mchana na hadi sasa hawajapanda. Mama Kulwa amepita hapa nje, nikamsalimia, hakuitika. Simlaumu.

Sasa niandike lile nisiloweza kulisema kanisani. Kila radi inapopiga naogopa kweli. Ila nyuma ya hofu hiyo kuna kipande changu kinachotaka duara lile liporomoke, ili watu waseme nilikuwa sahihi.

Najionea haya.

Ewe mwenye milima na mashimo, usikisikilize kile kipande. Shika kuta zile. Wapandishe wote, Masanja awe wa kwanza, wakiwa na tope hadi masikioni, na wanicheke wapendavyo. Jumapili nitasimama mbele ya kwaya nikiwa mjinga wa machimbo mazima, na nitakusifu kwa sauti yangu yote.