Kuvumwani Iliyoonekana Mara Moja

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote anazostahili mtu aliyenitangulia kuzaliwa kwa miaka tisa na ambaye hajaniacha nisahau hilo hata siku moja. Goti linaendeleaje? Shemeji aliniambia kwenye simu kwamba sasa unashuka ngazi bila fimbo, ila unashuka kinyumenyume. Nilifurahi kusikia. Mimi ni mzima, isipokuwa kikohozi cha vumbi la makabati kimenirudia. Watoto wako walipita ofisini juzi, wakanimalizia karanga zangu zote na kuondoka bila kuaga.

Barua yako ilifika Jumatatu, na nimeisoma mara nne. Nitaijibu, lakini vumilia kwanza nikupe habari za kazini, maana najua unazitamani kuliko habari zangu.

Makabati ni yale yale, milango bado tunaifunga kwa kamba, na pakiti za karatasi ya kaki, kila moja na kimea chake kikavu cha kuvumwani kilichobanduliwa kwenye gome au jiwe, sasa zimefika elfu kumi na nne. Mkurugenzi ameleta ramani mpya inayojaza ukuta mzima. Nimeshinda wiki mbili nikichomeka pini, za kijani kwa kuvumwani za kawaida na nyekundu kwa zile bapa, zinazolala juu ya gome la mti kana kwamba zimepigwa pasi. Alipokuja kuitazama alisema, kwa ile sauti yake ya kisomi, kwamba inashangaza jinsi kuvumwani zinavyopenda kuishi kando ya barabara. Nikamwambia kuvumwani hazina habari na barabara, ni watafiti wasiopenda kutembea. Hakucheka. Lakini bonde zima la magharibi halina pini hata moja kwa sababu hiyo tu.

Huku chini kwenye joto pini ni za kuhesabu. Ukipanda hadi penye mawingu, gogo moja lililooza linabeba aina thelathini, na vidole vyangu vimeota sugu kwa kuzichomeka. Ile ndogo ya rangi ya fedha, inayoota hata kwenye kuta za mjini, ina pini kila upande, maana iko kila bara na haichagui. Kisha juu kabisa, kwenye mgongo wa mlima, kuna pini moja nyekundu imesimama peke yake. Hiyo ni yako, na kila mgeni huulizia hiyo kwanza.

Unakumbuka ilivyokuwa. Miaka sita iliyopita ulishuka mlimani na pakiti arobaini, ukanikabidhi nizikaushe, nizifungue na kuziandikia vitambulisho, ukaenda kulala. Siku ya tatu nilikuita kwenye darubini. Uliangalia, ukakaa sakafuni na sketi yako nzuri. Ilikuwa kuvumwani bapa ambayo hadi siku hiyo ilijulikana kwenye safu moja tu ya milima, ng'ambo ya bahari. Ukaandika makala. Ukahutubia kumbi nzima jinsi chembe ndogo kuliko vumbi ilivyopanda upepo, ikavuka bahari na kutua kwenye mti mmoja wa kwetu. Wakakupa uprofesa.

Halafu wakaja wale watafiti wageni wawili kuitafuta, wakapekua mgongo ule wa mlima siku nane na kurudi mikono mitupu. Ukapanda mwenyewe, kila masika, mara tano, mti kwa mti, umepiga magoti kwenye matope. Ulinililia ukasema uliimaliza wewe, kwamba ulikibandua kwa kisu chako kishungi pekee ambacho upepo ulikuwa umetuletea. Nilikuchemshia chai nikakupa pole. Safari ya tano ndipo ulipoteleza.

Sasa unaniandikia kwamba hapo kitandani umepata muda wa kuwaza. Unasema mimi ndiye niliyefungua pakiti ile na jicho langu ndilo lililoona kwanza, na kwenye kitabu kinachoenda kuchapwa mwezi ujao utaweka jina langu kando ya lako, tumeigundua sote wawili. Unaniomba pia nikusamehe kwa ile nyingine.

Ile kuvumwani nyingine, Dada, niliiokota mwenyewe kwenye mfereji nyuma ya kiwanda cha uchapaji, saa ya chakula. Niliilinganisha na kila pakiti iliyokuwa kwenye makabati, miezi minne, kabla sijathubutu kukuletea. Ukaitangaza kuwa ni aina mpya, kwa jina lako, na chini kabisa, kwa herufi za kusomea kwa lenzi, ukamshukuru msaidizi wa ofisi. Wageni walipouliza mimi ni nani, ulisema mimi ni mkono wako wa kulia. Mlicheka wote, nami nikacheka. Iliniuma miaka kumi na minne na bado inaniuma ninapoandika.

Sasa sikiliza. Wiki ile uliposhuka na pakiti arobaini, taasisi moja ya ng'ambo ilikuwa imetuletea kifurushi cha kubadilishana sampuli, nami nilikuwa sijakiingiza kwenye daftari. Nilikata kishungi chao nusu, nikachukua kipande cha ukubwa wa ukucha, nikakitia kwenye pakiti yako ya ishirini na saba. Nilitaka kuona kama utajua. Nilidhani utakishika tu na kusema hiki si chetu, maana kimeng'ang'ania kipande cha gome, na gome lile si la mti wowote wa mlima ule. Gome bado lipo. Umewaonyesha wanafunzi miaka sita.

Nia yangu ilikuwa nikucheke na kukwambia alasiri ile ile. Lakini ulitoka mbio kwenda kwa Mkurugenzi bila hata kunitazama. Nikasema nitakwambia kesho. Kesho yake nikagundua kwamba ninafurahi, nikanyamaza. Wageni waliporudi mikono mitupu, nilitembea kwenda nyumbani nikiimba. Kila masika mimi ndiye niliyekufungia mizigo na kufuta lenzi yako. Ulipovunjika goti nilisikitika siku moja, pengine mbili, na siwezi kudai zaidi ya hapo.

Usidhani ni dhamiri inayonisuta. Ni barua yako. Nimetamani maisha yangu yote kuona majina yetu mawili kwenye ukurasa mmoja, na ukaamua kunipa hilo sasa, juu ya kishungi hiki cha uongo. Nililia, kisha nikacheka mpaka mkutubi akaja kuchungulia.

Nusu ya pili ya kishungi iko kwenye kabati la tisa, droo ya chini, pamoja na kitambulisho cha wenyewe wa ng'ambo. Ziweke pamoja utaona gome linavyokamilishana. Mwambie Mkurugenzi au ichome moto, mimi sitamwambia mtu yeyote. Ninachotaka ni jina langu litoke kwenye kitabu kabla hakijachapwa. Lako liache hapo hapo lilipo.

Nisalimie sana Shemeji, mwambie dawa ya kuchua aliyoagiza nitaituma Ijumaa. Watoto nawapenda pamoja na njaa yao. Nakuombea afya, na usingizi ukipatikana.

Goti likipona, Dada, usipande tena. Haikuwahi kuota kule.

Ni mimi,
Mdogo wako