Jina Lililokuwa Chini ya Rangi ya Baba

Maskati, Ijumaa baada ya sala

Kaka yangu Suleimani,

Shikamoo. Assalaam aleikum warahmatullah. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, na lile goti liwe limeacha kukusumbua kwenye sijida. Mama je, anakula? Mimi mwili hauna neno, alhamdulillahi, ila moyo haujatulia.

Simu yako haipatikani tangu Jumapili, na jirani anayemwazima mama simu nasikia amekwenda Taru na simu yake. Ndiyo nikaona niandike, nimpe Mwanaidi anayerudi Ukunda kesho kwa likizo, pamoja na kikopo hiki. Kifungue taratibu.

Kaka, najua ulilia ulipokwangua maandishi ya baba kwenye ile mashine ya kuvuta vumbi ya msikitini. Mama aliniambia. Uliniuliza, "Mwanasiti, mkono wa baba umebaki hapa tu, unataka niuondoe kwa kisu?" Nami nikakwambia uondoe. Tangu siku ile sina raha.

Lakini ningefanyaje? Baba alipoacha kazi hotelini Diani wakampa mashine ile, haikulala nyumbani hata siku moja. Aliipeleka msikitini, akaipindua, akaiandika tumboni kwa rangi nyeupe: WAKFU, HAIUZWI. Mama anaamini, nami naamini, kila zulia likisafishwa thawabu inamfikia alipo. Mimi sikumzika, unajua. Basi ilipozimika mwezi wa Rajabu niliona kama kuna mtu amemzimia taa.

Fundi wa Ukunda alisema makaa ya mota yamekwisha, vile vijiwe vyeusi vinavyoipitishia umeme, akayatafuta kwa jina la Dorvel lililo mbele ya mashine, akakosa. Nami huku nikatafuta kwa jina hilo hilo, nikakosa, mpaka nikaonyeshwa Fundi Nassor, mzee aliyezaliwa Unguja, ana kibanda karibu na nyumba ninayofanya kazi. Nilimwonyesha picha, akacheka.

"Mkenya wee, Dorvel ni duka. Duka halitengenezi mota, hubandika jina tu."

"Sasa aliyeitengeneza ni nani?"

"Mtoto wa kulea huitwa kwa baba yake, haitwi kwa aliyemnunulia kanzu. Kuna kibati tumboni. Kisome."

Na juu ya kibati chenyewe ndipo baba alipoandika. Hakujua, maskini, aliona mahali palipo laini.

Ulipokwangua ukatuma picha ya kibati, jina la Kestrup na namba zake, mzee alishusha kutoka juu ya kabati mashine ya kijani yenye jina la duka jingine kabisa. Akaigeuza. Kestrup. Komeo lile lile, hata parafujo. Akasema kiwanda kilikwisha kufa zamani, makaa mapya hayapo duniani, tutumie ya huyu ndugu yake. Akayatoa, nayo ndiyo hayo mawili meusi kikoponi. Hakutaka hata baisa, senti ya huku. "Mwambie baba yako aniombee." Nikamwambia baba ametangulia. Akasema, "Basi wewe mwombee, na mimi unitie humo humo."

Nilifurahi siku moja. Siku ya pili mama akanipigia kuwa kamati mpya inasafisha stoo kabla ya Ramadhani, na mwenyekiti aliipindua mashine akauliza, "Hii mbovu ni ya nani? Haina alama ya wakfu." Wakaiweka nje na mabati, ikisubiri gari la chuma chakavu. Mwenyekiti ni mgeni, hakukosea. Alama tuliiondoa sisi. Mimi ndiye niliyekutuma.

Kwa hiyo ukipata barua hii, nenda msikitini kabla ya kwenda shamba. Usianze na makaa. Kama mashine ipo, iandike kwanza maneno yale yale, kwa mkono wako, rangi yoyote utakayopata, ila kibati ukiache wazi.

Nibusie mama mikono. Msalimie wifi yangu, mkeo, na watoto. Na mjomba Bakari muadhini, mwambie sijasahau alivyosema mashine ile inakoroma kumshinda yeye wakati wa hotuba.

Kama wamekwisha kuichukua, usinifiche, sitamlaumu mtu. Makaa umrudishie Mwanaidi, nitampelekea mzee mwenyewe.

Nijibu upesi, kaka, hata kwa simu ya Mwanaidi. Nataka kujua tu, ipo au haipo.

Mdogo wako,
Mwanasiti