Cherehani ya Neema Ndani ya Saluni

Mdogo wangu Tabu,

Mimi mzima, ila baridi ya Johannesburg ina meno. Neema mwanangu anaandika ninayosema, na kicheko kinamshinda.

Jana mwenye nyumba alikuja saluni kwa Neema, hapa Rosettenville. Ni Mhindi wa Chandigarh, mji uliochorwa kwenye karatasi kabla ya kujengwa. Akafoka kwa Kiingereza, Neema akinitafsiria, "Kwetu kila biashara ina eneo lake! Hapa mnasuka, mnashona, mnauza sambusa. Cherehani itoke leo!" Neema akanywea, maana cherehani ndiyo inayosomesha wajukuu zangu.

Mhindi akainama kuchomoa waya wa umeme, suruali ikapasuka nyuma, prrr! Nikasema, "Baba, eneo la mafundi liko wapi, nikusindikize?" Neema akaogopa kutafsiri, mteja mmoja akatafsiri kwa sauti, nusu ya nywele zake hazijasukwa.

"Eish, mama," akaguna kama wenyeji wa huku, mikono nyuma. Nikamfunga kanga, nikamkalisha, nikampa sambusa wakati Neema anashona. Alikula tatu. Alipovaa suruali yake akaamuru cherehani ibaki, lakini isogezwe dirishani, kwa mpango, eti hapo ndipo eneo lake.

Nakukumbatia mpaka mbavu zilie. Kula ushibe, kwenye picha umekonda vibaya.

Dada yako,
Mwajuma