Mlango Anaoujua Nge

Jumatatu, 9 Juni
Nimemwekea chatu wa Babu maji, kisha shule. Babu ni mgoyangi, mcheza ngoma na nyoka. Hapa Nkololo mtu akiumwa na nyoka huletwa kwake kwanza.
Leo mwalimu wa baiolojia katuambia neva zina milango midogo mno. Sodiamu ikipita humo, maumivu husafiri hadi kwenye ubongo. Sumu nyingine huifunga milango hiyo, nyingine huizuia isifungike. Yupo konokono wa baharini ambaye sumu yake imeshatoa dawa ya maumivu makali. Konokono! Nilisahau kunakili ubao.

Jumatano, 11 Juni
Nimemweleza Babu. Kacheka hadi kikohozi. "Msomi wangu, sumu haina mlango. Ina hasira."
Nimeudhika. Bado naiwaza milango.

Jumamosi, 14 Juni
Tulikuwa tunachuma pamba. Minza, mdogo wangu wa miaka mitano, aliingiza mkono kwenye rundo tulilokwisha kuchuma. Nge.
Sijawahi kusikia kilio kama kile.
Babu alimfunga mkono kwa kitambaa, akakaza, akamchanja, akapaka unga wake. Ndivyo afanyavyo kwa nyoka. Vidole vikavimba, vikawa baridi. Mate yakaanza kumtoka Minza. Mwalimu alituonya tusifunge kwa kukaza palipoumwa. Nilijua, nikanyamaza kwa heshima. Najichukia kwa hilo.
Mwishowe nikasema, "Babu, fungua."
Hakuna anayemwambia Babu hivyo. Alinitazama. Akafungua. Akaita bodaboda, akampakata Minza mwenyewe.

Jumapili, 15 Juni
Kituo cha afya. Minza yu hai, lakini mate bado yanamtoka. Daktari anasema tusubiri. Naogopa.
Jana alimchoma ganzi pembeni ya kidole. Baada ya muda mfupi kilio kikakatika. Nilimuuliza imefanyaje kazi. Kasema ganzi huziba milango ya sodiamu kwenye neva.
Ileile! Sumu ya nge, kasema, huizuia isifungike, ganzi huiziba. Jambo lisiloonekana kwa macho, na nimelisikia likitokea kwenye koo la mdogo wangu.
Daktari anasema wapo wanaoichambua sumu ya nge, kipande kwa kipande, wapate kinachogusa mlango wa maumivu peke yake. Natamani kuwa mmoja wao. Sijamwambia mtu.

Jumanne, 17 Juni
Minza amerudi. Vidole vyote vinakunjika. Kaenda moja kwa moja kumsalimia chatu.
Babu hajagusa ngoma tangu Jumamosi. Jioni kaniomba nimchoree. Nikachora neva kwenye vumbi, na mlango. Kaufuata mchoro kwa kidole.
"Ng'wanawane, mwanangu, nge hajasoma. Nani alimwonyesha mlango huo?"
Hata mwalimu nadhani hajui.
Babu kaniletea kopo lenye matundu kwenye kifuniko. Kasema kamtafuta nge shambani siku mbili. Nimpelekee mwalimu.
Limekaa hapa mezani, karibu na daftari. Ndani anakwaruza, polepole.