Gemu ya Issa Isiyochezwa

Jumatatu, 4 Agosti 2003
Sketi za shule tangu asubuhi. Uzi mweupe umeisha. Mchana nikatoa gemu yangu ya mkononi, nikapanga matofali kidogo kiooni. Rehema, tunayeshona naye kibaraza kimoja hapa sokoni Nachingwea, kaiona nyingine mkobani. Ati gemu mbili za nini, una mikono minne? Nikamwambia moja ya kucheza, moja ya kutunza. Kacheka. Acheke tu.

Jumatano, 6 Agosti
Ya kutunza ni ya kaka yangu Issa. Tulimzika kabla ya mavuno. Malaria. Rekodi yake imo humo, elfu tisa na ushee. Siichezi, nisije nikaivuka. Naiwasha, naiangalia, naizima. Betri zikitolewa tu, namba inafutika.
Leo kioo kimefifia. Betri zinakufa. Nimeogopa kama mtoto.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimemwona fundi redio. Kasema inawezekana: ataunga betri mpya kwa waya kwanza, ndipo atoe za zamani. Niipeleke Jumatatu. Afadhali.
Kesho nakwenda Ruangwa na sare. Ya Issa naiacha kabatini, barabara ile inatikisa, betri zitachomoka. Nabeba yangu. Mama kauliza mbona nimenuna. Nikasema betri za gemu ya Issa zinaisha. Sikueleza zaidi.

Jumapili, 10 Agosti
Nimerudi, vumbi hadi masikioni. Betri za Issa ziko uani kwenye ungo. Mama kazianika juani zipate nguvu, kama anavyofanya za redio. Kanionyesha kwa furaha. Nikazirudisha. Kioo kikawaka vizuri kabisa. Rekodi sifuri.
Nimemchukia Mama. Ndivyo ilivyo. Sikula.

Jumanne, 12 Agosti
Kwa fundi sikwenda. Hana la kufanya tena. Namba naikumbuka, lakini ile iliyokuwa pale aliifikisha yeye, kwa vidole vyake.
Mama kauliza tena nina nini. Safari hii nimemweleza yote. Kaendelea kuchambua mbaazi.

Alhamisi, 14 Agosti
Asubuhi Mama kaniita chumbani kwake. Kanyanyua godoro. Chini yake shati la Issa, lile la kijani, limekunjwa, kola chafu vilevile kwa jasho lake. Nililitafuta sana wakati wa msiba nilifue.
Kasema, "Na wewe hili usije ukanifulia."
Nikaitikia. Tukalishusha godoro pamoja.