Maneno Niliyompa Mama Mkubwa

Dar es Salaam,
Jumapili jioni

Mdogo wangu Paskalina,

Hamjambo hapo Bonga? Mbaazi zimekubali, au mvua imewaonea tena mwaka huu? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio unaumwa. Shikamoo yangu mfikishie Mama mkubwa. Najua hataitikia marahaba, lakini mfikishie tu.

Barua yako nimeipata. Umeniambia kwamba kitabu changu kilipofika ulimsomea ile sura ya mwanamke aliyetengwa, naye akainuka kabla hujamaliza. Ndiyo maana nikipiga simu siku hizi anakuachia wewe uongee. Mwanzoni nilikasirika. Mtu unamwandikia kitabu, badala ya asante unanuniwa.

Maana mimi nilidhani namtendea haki. Hadithi za zamani zimejaa machifu na Wajerumani. Mwanamke kama yeye, aliyefiwa na mtoto wa kunyonya, kimila akahesabiwa ana mkosi, akazuiwa kuchota maji pamoja na wenzake, akakatazwa hata kusalimiana na mtu mpaka wazee wamtoe mkosi, huyo hayumo. Nikamtia. Mhariri akasema, "Huyu mama kanyamaza mno, mpe sauti." Nikampa. Nikamsimamisha mlangoni, akakisema kijiji ukurasa baada ya ukurasa. Watu wa hapa wakanisifu sana, ingawa mpaka leo wananiuliza Babati yetu iko Arusha sehemu gani, wakati mkoa wetu wenyewe tumeshapewa.

Halafu nikarudia kusoma maneno ya Mama mkubwa uliyoniandikia: "Huyo wa kwenye kitabu anasema sana. Alikuwa anamwambia nani? Mimi sikusema. Aliyesema ni mama yenu."

Paskalina, hayo aliyokusimulia mimi sikuyajua. Mama yetu amezikwa bila kunieleza kwamba, akiwa msichana, alikuwa anachunga mbuzi karibu na nyumba ya dada yake aliyetengwa, anawagombeza kwa sauti: "Wewe mweupe, unakula tu, hujui shangazi amejifungua salama? Hujui mama anakulilia kila siku?" Kusema na mbuzi hakukukatazwa. Na Mama mkubwa yuko ndani, anasikiliza habari za nyumbani kwao, hawezi kujibu.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nimempa hasira, na hasira yenyewe ni yangu, kisha nikamnyang'anya mdogo wake. Kwenye kitabu changu hakuna msichana wala mbuzi, kwa hiyo nimemfanya mpweke kuliko walivyomfanya wazee. Krismasi nilikaa naye likizo nzima, nikala ugali wake na maziwa yake, nikaona haya kumuuliza. Sasa kimeshachapwa, na maji yakimwagika hayazoleki. Najuta, mdogo wangu.

Msalimie shemeji, mwambie viatu vya kazini alivyoagiza nimeviona. Msalimie na baba mdogo wa Maisaka aliyenilipia shule, na Mama Neema jirani yetu, mwambie uji wake wa msibani sijausahau.

Barua hii usimsomee Mama mkubwa, atainuka tena. Subiri jioni mbuzi wakisharudi, yeye akiwa jikoni. Simama pale zizini uwasomee mbuzi, kwa sauti.

Ni mimi dada yako,
Restituta